Pete Iliyobonyea

"Funga mlango, Winnie, baridi inaingia!"

"Nafunga, mama. Naenda gatini."

"Jana ulienda, juzi ulienda. Si wewe uliyemrudishia pete yake?"

Kweli, Winifred Cassidy alimrudishia mchumba wake. Hugh Maddox, mchochea makaa wa Orvenia, alikataa katakata kuiacha ile meli. Enzi zake iliwahi kuvuka Atlantiki kwa kasi kuliko zote. Sasa ilikuwa kikongwe, inapeleka wahamiaji New York na kurudi Liverpool ikikohoa moshi. Winnie, fundi wa kushona, alimwomba atafute kazi nchi kavu.

"Nikashone magauni na wewe?" Hugh alimcheka. "Kuchezea sindano nayo ni kazi?"

"Basi kaoe meli yako!"

Jamani, hasira! Meli ilifika New York, ikaanza kurudi, kisha kimya. Zilizoondoka nyuma yake ziliingia, yenyewe haikuonekana. Winnie hakula wala hakulala. Alijuta hata kutomuaga.

Alipofika gatini akakuta watu wanapiga kelele.

"Orvenia hiyo! Inakuja kwa matanga!"

Kweli, dohani zake hazikutoa moshi hata kidogo. Ilivutwa mpaka gatini, matanga yake yamejaa viraka vyeupe. Abiria wakashuka, mabaharia wakashuka, na mwisho Hugh, amekonda, ndevu zimemjaa. Winnie alimrukia, akampiga ngumi za kifua.

"Nimekulilia kama maiti, wewe mwanaume!"

"Nipo, mpenzi. Pangaboi linalosukuma meli lilikatika katikati ya bahari. Tukatweka matanga, dhoruba ikayachana."

"Ikawaje?"

"Mashine zimezimwa, wachochea makaa tunachochea nini? Nahodha akatugawia sindano. Tukatia viraka kwa vitambaa vya meza vya daraja la kwanza."

"Wewe, Hugh? Umeshona?"

Hugh akamwonyesha vidole, vimejaa matundu.

"Cheka tu. Nilijichoma mpaka machozi yakanitoka. Nikasema, Winnie anafanya hivi kila siku, na mimi nikamdharau. Nisamehe."

Akatoa kifuani kiraka chake, alichoruhusiwa kukikata pamoja na kipande cha tanga. Winnie akakigeuza huku na huku. Ufundi haukumwacha hata kwenye mapenzi.

"Mshono umepinda."

"Lakini umenileta."

Winnie akacheka huku analia.

"Pete yangu iko wapi?"

Hugh akainamisha kichwa.

"Turubai gumu, Winnie. Niliivaa ili nisukumie sindano. Imebonyea. Nitakununulia nyingine."

"Thubutu! Nivishe hiyo hiyo."

Akamvisha pale pale gatini, watu wakashangilia.

Orvenia haikutengenezwa tena, iliuzwa ikavunjwe, na Hugh akapata kazi ya kushona matanga bandarini. Siku ya harusi kile kiraka kilitandikwa chini ya keki. Mama Cassidy akakiona, akachukua mkasi.

"Mwanangu, aibu hii! Ngoja niufumue mshono huu niushone upya."

Winnie akafunika mshono kwa mkono wake wenye pete.

"Mama, usiuguse. Huo ndio ulionirudishia mume."