Kibendera Kilicholowa

Haya yalimpata rafiki yangu Onno, mpishi wa nyambizi moja ya vita ya kwetu Ujerumani, Aprili 1940. Ndiye pia aliyeshona vibendera: kila meli waliyoizamisha ilipata chake, chenye idadi ya tani za meli hiyo, cha kupeperushwa mlingotini wakirudi bandari ya Kiel.

Safari ile sindano haikuguswa. Nahodha Tamm alifyatua torpedo tano, makombora ya chini ya maji. Kila mara walisikiliza gizani, taa zimezimwa: du, chuma juu ya chuma, kisha kimya bila mlipuko, na meli ikaenda zake.

“Wananipa magogo nikapigane nayo,” Tamm alisema. “Tani 753 za nyambizi, watu arobaini na nne ndani, na sijazamisha hata mtumbwi. Onno, kalale na uzi wako.”

Asubuhi ya kurudi waliingia Kiel katika ukungu, wamesimama sitahani, upepo hakuna. Juu ya vichwa vyao kitu kikawa kinapiga pa, pa, pa.

“Unanidhihaki, mpishi?” Tamm aliuliza. “Nani kakutuma utundike hicho?”

“Sijashona kitu, Kapteni.”

Tamm akakishusha mwenyewe. Kilikuwa kibendera kimoja, kinachuruzika maji ya chumvi. Onno aliutambua mshono wa mkono wake mwenyewe. Namba ya tani ilikuwa 753.