Doa Jekundu Gatini

Fremu ilibaki ukutani, kioo kizima, ndani hamna kitu. Picha ya rangi za maji, bandari ya Kisumu jua likizama, ilikuwa imetoweka nyumbani kwa wakili Jethro mjini Kisii, Aprili 1971.

Konstebo alishamtia mlinzi Manasseh seli. Inspekta Angwenyi hakutulia hata kidogo. Mwizi gani huyo anayeacha fremu ghali na kuondoka na karatasi?

"Ilikuwaje hiyo picha?"

"Ukungu mtupu," Jethro alisema. "Mzungu mmoja aliniuzia akihama. Maji, moshi wa meli, doa jekundu gatini. Ukisimama mbali kidogo, unaona ni mtu."

"Nani aliipenda?"

"Bonareri tu, anayenifulia. Alikipangusa kile kioo kila siku. Ijumaa aliomba ruhusa. Kafiwa."

"Kafiwa na nani?"

Jethro hakujua. Mabwana wa mjini hawana habari hizo.

Angwenyi alimpigia simu chifu wa kwao Bonareri, Nyamira.

"Hakuna aliyekufa huku," chifu alijibu, akasita. "Lakini kumekuwa na mazishi."

Inspekta alirukia Land Rover, mvua ikimpiga njia nzima.

Kando ya migomba ya Bonareri palikuwa na kaburi bichi. Mwenyewe alikuwa amenyoa nywele zote.

"Mama, nani amelala hapa?"

"Mume wangu, Onyancha."

"Alikufa lini?"

"Miaka miwili sasa. Alikuwa kuli bandarini Kisumu. Alianguka majini, hakupatikana."

"Basi umezika nini?"

Bonareri aliinama, akasawazisha udongo wa kaburi kwa kiganja.

"Mama, Manasseh yuko ndani kwa ajili yako. Ana watoto."

Machozi yakamtoka.

"Niliiba mimi, tata, baba yangu. Shemeji zangu walisema ametoroka na mwanamke. Bila kaburi mimi si mjane, ni mke aliyeachwa, na shamba wanalitaka wao. Alikuwa na fulana nyekundu ya kazi. Hatukuwahi kupiga picha hata moja. Nilipomwona yule pale gatini, nilijua ni yeye. Nikamleta nyumbani."

Angwenyi alitamani kugeuza gari arudi zake. Lakini bila ile picha kama kielelezo, Manasseh asingetoka.

Bonareri alichukua jembe mwenyewe. Mvua ya siku tatu ilikuwa imepenya hadi kwenye blanketi alilomviringishia. Aliifunua karatasi polepole. Bandari ilikuwa imeyeyuka yote, na lile doa jekundu halikuwepo.

"Hata huku," akasema, "maji yamemchukua."