Suti Iliyopunguzwa Mara Nne

Katika Port Kembla nzima, mji wetu huu wa bandari kule Australia, hakuna mwanamke anayetunza siri za watu kama mimi. Hii ya Zorica Petkovska ni ya pili tu kuitoa tangu asubuhi, na kahawa yangu bado ya moto.

Yeye na bwana wake walikutana mnadani, Jumapili, pale panapouzwa vipuri vya pikipiki, watu wamesongamana hata huwezi kunyanyua kiwiko bila kumwaga chai ya mwenzio. Zorica alikuwa akitafuta ngozi kuukuu za viraka. Yeye ni fundi wa mavazi ya ngozi, miaka arobaini na sita, kucha fupi, ulimi mrefu. Siku hiyo alivaa gauni jekundu lililomkaa vizuri, naye alijua kwamba limemkaa. Mbele yake kasimama bwana mmoja mrefu ndani ya suti ya ngozi ya mbio za pikipiki, ile ya kipande kimoja toka shingoni hadi vifundoni, nyeusi na kijani, sehemu ya makalio inaning'inia karibu na magoti.

"Kaka, hiyo suti ni yako au ya marehemu babu?"

"Yangu, dada. Nimepungua kilo thelathini na moja."

"Kwani ulikuwa unakula nini, majirani?"

Bwana akacheka mpaka suti ikatikisika. "Daktari alinitisha. Sasa naiuza."

"Huuzi kitu. Hebu geuka." Zorica akaikusanya ngozi ya mgongoni, ikamjaa ngumi. "Humu ndani mko wawili. Niletee dukani, nitakubakishia mmoja."

"Na yule mwingine?"

"Nitamla na pilipili."

Jina lake Brendan Tully, dereva wa kreni kwenye kiwanda cha chuma. Mkono wa kulia wa kushusha na kupandisha, wa kushoto wa kuzungusha. Mtu mpole, mtalaka, na macho ya kijivu ambayo Zorica alidai hakuyatazama.

Sasa ngozi si kanga. Sindano ikipita, tundu limebaki milele. Ukikosea, umekosea mbele ya watu. Ndiyo maana fundi hupima, hubana kwa vibanio, huchora mstari kwa kalamu ya wino wa rangi ya fedha upande wa ndani, kisha hushona mara moja akamaliza. Kwa kazi ya Tully, fundi mwaminifu angemwita mara mbili. Zorica alimwita mara nne.

Jumamosi ya kwanza mgongo. Ya pili mapaja, na hapo vibanio vilichukua muda kidogo kuliko ilivyo desturi. Kila akimaliza kupima humtolea mkate wa jibini na mchicha kutoka jikoni, ule wa mama yake, unaochuruzika siagi. Tully alikula kama mtu aliyefunguliwa kutoka jela. Katikati ya wiki simu zikawa haziishi.

"Fundi yupo?"

"Fundi hayupo. Yupo Zori."

"Basi nipe huyo huyo."

"Huyo ana bei."

"Kwani nimeuliza bei, mpenzi?"

Jumamosi ya tatu Tully alimbusu huku mabegani bado kabanwa vibanio kama nguo kambani. Duka lilifungwa saa sita mchana, nami nililiona hilo kwa macho yangu, maana nilikuwa nimepeleka zipu.

Lakini Zorica alikuwa na donda lake. Wanaume wawili kabla ya huyu walimpenda suti zikiwa pana. Suti zilipowakaa sawasawa, walipanda pikipiki zao wakavuka mlima, hata honi hawakumpigia. Akaamini kwamba mwanamume ni wako mpaka kazi iishe. Basi, kwa nini iishe?

Jumamosi ya nne ilibaki mikono. Alichora mstari wake wa fedha, mzuri, ulionyooka. Kisha akashona upana wa vidole viwili nje yake, mikono ikabaki mipana.

"Wa kushoto unacheza kidogo," Tully alisema mbele ya kioo, akipinda kiwiko.

"Ngozi bado haijakuzoea. Ikiendelea kucheza utanirudishia Jumamosi."

"Kesho nina mazoezi uwanjani, Zori. Nivae tu?"

Zorica akafungua mdomo amwambie avue. Yakatoka mengine: "Nikuongezee kipande cha mkate?"

"Ongeza, malaika."

Kesho yake, kona ya tatu, tairi la mbele likateleza. Si anguko kubwa. Wenzake huanguka hivyo wakainuka wakatukana. Ila ngozi ya mkono wa kushoto ilijisokota, kinga ngumu ya kiwikoni ikazunguka upande wa ndani, na mfupa ukapokea lami peke yake. Ulivunjika vipande vitatu.

Siku tisa simu ya Tully ilikuwa imezimwa. Zorica alipika, akamwaga. Ya kumi ikalia.

"Nakuja," alisema Tully.

Alishuka kwenye basi mbele ya duka, shati jeupe limepigwa pasi, mkono kwenye plasta ngumu toka begani. Kwenye mfuko wa shati palituna kitu kidogo cha mraba, saizi ya kijisanduku cha pete. Zorica alikiona kabla hajauona uso wake.

"Kreni ndiyo basi tena," alisema Tully akikaa. "Mkono hautazunguka tena kama zamani, daktari kasema. Nimelala nikiwaza maswali mawili ya kukuuliza. La pili ni zuri."

"Anza na zuri, basi."

"Hapana, mpenzi. Kinga ilizungukaje?"

Alimuuliza bila hasira, kama mtoto anayeuliza kwa nini mbwa kafa. Zorica akakung'uta uzi usiokuwepo kwenye sketi.

"Si kosa lako, Tully. Ulipungua tena baada ya mimi kukupima. Kilo mbili, tatu hivi. Niliona kwa macho, nikaogopa kukuudhi."

"Nilipungua."

"Sana."

Tully akaupakata mkono wa plasta. "Hospitali, kabla ya kunilaza walinipima uzito, wajue dawa ya usingizi kiasi gani. Nimeongezeka kilo nne, Zori. Zote ni mkate wako."



"Labda mizani yao mbovu," alisema Zorica.

Tully aliinuka. Akajaribu kukifunga kifungo cha mfuko wa shati kwa mkono mmoja, kikamshinda, akajaribu tena. Zorica, aliyewafunga wanaume vifungo miaka ishirini, hakuthubutu kunyoosha mkono.