Miisho Miwili ya Lizaveta

Asubuhi hiyo kopo la filamu lilikuwa limelowa, na ndani mlinuka tope la mto. Glafira, fundi wa kuunganisha filamu katika studio moja ya Moscow, alilifunika upesi kama mtu aliyefunua sufuria akakuta panya.

Ilikuwa filamu isiyo na sauti: binti mtumishi asiye na hatia anarubuniwa na tajiri, anafukuzwa na mimba yake, anajitupa mtoni. Mwisho huo ni wa Warusi, maana Mrusi asipolia hujiona kapunjwa. Nakala za kupelekwa nje huunganishwa mwisho mwingine, wa harusi. Ndiyo desturi: kila hadithi, miisho miwili.

Huo wa mtoni ulimuua kweli Lizaveta, mwigizaji wa binti huyo. Mwongozaji, Innokenti Lvovich, alimwingiza majini mara sita katikati ya Oktoba, eti hazami kwa uzuri. Wiki haikwisha, homa ya mapafu ikamchukua. Mazikoni Innokenti alilia vizuri sana, uso kaugeuzia penye mwanga.

Glafira akalifungua tena kopo, akauinua ukanda wa filamu mbele ya taa. Daraja lipo. Mto upo. Lizaveta hayupo.

"Ameondoka," alinong'ona.

"Nani?" Innokenti alikuwa mlangoni na soseji, mafuta yakimchuruzika kidevuni. Akautazama ukanda huku akitafuna. "Dawa za kusafishia filamu hizo, zimemfuta. Kesho tunapiga upya. Mdogo wako Dunya ana shingo kama ya marehemu. Kwa mbali nani atajua?"

"Mto umeanza kuganda, Innokenti Lvovich!"

"Vizuri zaidi. Atatetemeka bila kufundishwa."

Dunya, aliyekuwa akipanga makopo, alimshika Glafira sketi. "Dada, mimi siendi."

"Huendi. Nyamaza."

Innokenti alipotoka, Glafira aliinamia kopo, uvundo ukimpanda hadi kooni. "Liza," akanong'ona, "safari hii mwisho uchague wewe." Akaunganisha harusi mahali pa mto, akamfuata Innokenti: "Nimempata. Njoo utazame."

Chumba kikatiwa giza, na pale ukutani bibi harusi akaingia kanisani shela likidondosha maji, magugu yakining'inia nyweleni, akatembea polepole hadi kwa bwana harusi, na bwana harusi alipogeuka alikuwa na sura ya Innokenti, kidevu kile kile chenye mafuta, naye bibi harusi akamshika mkono akamvuta chini, chini, sakafu ikifunguka kama mto, huku Innokenti wa kwenye kiti akikohoa, akitapika maji meusi, magugu na vipande vya soseji.

Taa zilipowashwa alikuwa amekufa. Nguo zake zilikuwa kavu.

Padri aliitwa, akanyunyizia studio maji ya baraka. Maji juu ya maji.

Jumatatu alikuja mwongozaji mpya, kijana, glavu nyeupe, ananukia. Aliwabusu wasichana mikono. Akatazama harusi, akacheka.

"Harusi? Hapa Moscow? Watatuzomea! Haya, warembo, nani haogopi maji baridi?"

Dunya akarudi nyuma. Glafira alikuwa akilitazama kopo rafuni.

Lilikuwa limeanza tena kudondosha maji.