Mke wa Kwenye Bima

Debe la asali lilimponyoka Koleta katikati ya soko la Tabora, Jumamosi, watu wamebanana, na asali yote ikamwagikia suruali ya bugaluu nyeupe iliyopigwa pasi ikapigika. Mwenye suruali, Elieza, fundi mitambo wa kiwanda cha tumbaku, alitazama chini, kisha akainua uso atukane. Akaona gauni la manjano na macho makubwa yaliyojaa aibu. Matusi yakamkauka.

"Nisamehe, kaka'ngu. Nitakufulia."

"Na nyuki wakinifuata hadi nyumbani, je?"

"Wakaribishe chai," alisema Koleta, na wote wawili wakaangua kicheko.

Koleta alikuwa opereta wa simu posta. Tangu wiki hiyo simu ya kiwandani haikupumzika.

"Posta. Namba tafadhali?"

"Nipe namba ya mwenye sauti hii."

"Elieza, wenzako wanasubiri laini!"

"Nao watafute wapenzi wao."

Walipendana bila kificho, wakitembea mitaa ya Kanyenye jioni mkono kwa mkono. Kumbe kificho kilikuwepo. Asubuhi moja Koleta alimpeleka mama yake hospitali ya misheni, akamsikia muuguzi akiita, "Mke wa Elieza, kiwanda cha tumbaku!" Akasimama mwanamke mwembamba, amejifunga khanga mbili, amemshika binti wa miaka minane. Nyuma yao alikuwa Elieza, amebeba viatu vya mtoto. Koleta alijikokota hadi nje akalia kama aliyefiwa.

Elieza alipopiga simu, alipokewa kwa sauti ya barafu.

"Namba tafadhali."

"Koleta, mpenzi, nisikilize. Yule ni Apolinaria, mjane wa kaka yangu. Yule binti, Ngollo, ni mtoto wa kaka, na mtoto wa kaka ni mwanangu. Ndivyo tulivyolelewa."

"Na mke wa kaka naye ni mkeo?"

"Kwenye bima tu."

Koleta hakukata simu. Akaelezwa yote. Homa ya viungo ilikuwa imegusa moyo wa Ngollo, na daktari alitaka achomwe sindano kila mwezi mpaka awe mtu mzima. Dawa hiyo ilipatikana hospitali ya misheni tu, nayo ililipisha. Bima ya kiwanda iligharimia mfanyakazi, mke mmoja na watoto aliozaa naye, si zaidi. Afisa utumishi alipopita kiwandani kuandikisha familia, Elieza alitaja majina yao akasema hawa ni mke wangu na mwanangu. Kwa mtoto, hata hakuona kama amedanganya. Kwa mama wa mtoto, alijua kuwa amedanganya.

"Tukifunga ndoa, kiwanda kizima kitajua. Bwana Mahona, afisa utumishi mwenyewe, tunasali naye kanisa moja. Nitafukuzwa, na sindano ndiyo basi."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa utaniacha."

"Mjinga wewe," alisema Koleta huku akilia. "Mjinga wangu."

Wakarudiana, lakini kurudiana hakukufungua mlango wowote. Kumrudisha Ngollo kijijini? Kijiji chao cha Ujamaa kilikuwa bado kinajenga zahanati. Kulipa wenyewe? Mishahara yao miwili isingetosha dawa na chakula. Maji yalikuwa yamewafika shingoni. Mwishoni Elieza alichoka.

"Nataka kukuoa, Koleta. Nimechoka kukupenda nusunusu. Siku ya sindano ijayo Bwana Mahona anakuja hospitali kwa mara ya kwanza kukagua wagonjwa wa kiwanda. Nitamwambia kweli."

"Nami nitakuwa kando yako."

Apolinaria aliposikia alisema tu, "Mwambieni. Sisi Mungu atatuona." Lakini usiku hakula.

Siku ikafika. Koleta alivaa gauni la bluu na kitambaa cheupe kichwani, amemshika Elieza mkono. Ngollo alikuwa amejilaza kwenye benchi la hospitali kando ya mama yake, midomo imepiga weusi, anahema kama aliyekimbia. Alinyoosha mkono akakishika kidole cha Koleta, pengine kwa kuwa kilikuwa karibu tu.

Bwana Mahona akaingia na suti yake ya Kaunda.

"Shikamoo, mzee," walisema wote.

"Marahaba. Ehe, Elieza! Leo umekuja na akina mama wawili. Mkeo namjua kwa jina la kwenye fomu tu. Ni yupi hapa?"

Elieza alifumbua kinywa. Koleta alimtazama mtoto, na moyo ukamkatika vipande. Akauchomoa mkono wake taratibu kutoka mkononi mwa Elieza, akamshika Apolinaria bega.

"Mkewe huyu hapa, mzee. Mimi ni shemeji yake."

Apolinaria alijifunika uso kwa khanga akalia. Bwana Mahona alidhani anamlilia mtoto, akampa pole. Elieza aligeukia ukutani.

"Shemeji mzuri hivi," alisema mzee, akitaka kuwachangamsha, "huna mchumba?"

"Ninaye. Amenitaka, nimemkubali."

"Lini basi tule pilau?"

Muuguzi alikuwa anaita jina la Ngollo. Koleta aliinama, akambeba.

"Bado, mzee," alisema. "Kuna mtoto tunasubiri akue kwanza."