Sikio la Banjo

Jumamosi ile ufukwe wa mbwa wa Fremantle ulikuwa umefurika. Joto liliwatoa watu majumbani, na kila mwenye miguu minne alikuwa majini, au akitoka majini kuja kumlowesha mtu. Aliyeloweshwa safari hii alikuwa Narelle, muuza miwani, aliyetinga gauni jeupe la kitani ambalo hakuwa na sababu yoyote ya kulivaa mahali kama pale. Mbwa mzee wa kuchungia kondoo, mwekundu, sikio moja limesimama na jingine limelala, alimsogelea taratibu, akajikung'uta.

"Banjo! Samahani, dada. Huyu hana adabu kabisa."

"Wewe ndiye huna. Yeye ni mbwa."

Mwanamume akacheka. Alikuwa mrefu, kaptura yake imepauka, shingo imeungua kwa jua.

"Basi nikufulie gauni."

"Hapa hapa?"

"Maji si hayo."

Pale ufukweni watu hujuana kwa mbwa. Mtu atakueleza mbwa wa jirani anaumwa goti lipi, asijue jirani mwenyewe anaitwa nani. Kwa hiyo yule bwana alikuwa Baba Banjo, na Narelle alikuwa Mama Olive, kwa ajili ya kijibwa chake cheusi kinene kilichokoroma hata kikiwa macho. Siku bwana huyo alipokumbuka kusema anaitwa Davor, walikuwa wameshabusiana.

Davor alikuwa fundi wa mitambo kwenye machimbo ya chuma, mbali kaskazini. Wiki mbili huko, wiki moja nyumbani. Akiondoka, Banjo alihamia kwa Narelle, na kila jioni baada ya zamu simu ililia.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Na wewe usiniambie umekula soseji tena."

"Sikuambii."

"Davor."

"Haya, nipe mzee."

Narelle alifungulia spika, akaisogeza simu kwenye lile sikio lililolala. Davor aliongea upuuzi wake, Banjo akamhemea, na mtu wa mbali akatulia. "Nikisikia pumzi yake najiona niko nyumbani," alisema mara moja, na Narelle alimpenda zaidi kwa neno hilo.

Siku ya balaa ilianza kama siku zote za Januari. Banjo hakukubali kufungiwa ndani. Ukimfungia atakwaruza mlango mpaka kucha zitoke damu. Narelle akajaza maji kibwawa cha plastiki uani, chini ya mlimau, akamwacha Olive ndani kwenye kiyoyozi, akaenda kazini. Jua la asubuhi lingezuiwa na mlimau. La mchana aliliachia Daktari. Ndivyo watu wa Fremantle wanavyouita upepo wa bahari unaoingia mchana kuupoza mji, na wameuzoea kiasi kwamba hakuna anayejiuliza kama utakuja.

Siku hiyo haukuja. Narelle aliliona hilo kutoka mlangoni pa duka, bendera za barabarani zimelala, akajisemea bado kidogo tu. Mteja akaingia, akafuatiwa na mwingine. Aliporudi nyumbani, maji ya kibwawa yalikuwa moto kama ya kuoshea vyombo, na Banjo amelala kando yake hahemi. Alimmwagia maji, akamwita, akambeba mbiombio mpaka hospitali ya wanyama. Alirudi na mkanda wa shingoni tu.

Simu ikalia.

"Leo zamu imenitoa roho, mpenzi. Nipe mzee kidogo."

Narelle alikuwa amejiandaa kusema. Kisha akamwona Davor peke yake kwenye chumba chake cha bati kule machimboni, hana ndege ya kumrudisha, hana wa kumshika mkono, na kesho ana mitambo ya kufungua. Akafungulia spika, akaisogeza simu kwenye pua ya Olive. Olive akakoroma.

"Mbona anahema hivyo?"

"Joto."

"Mpe maji."

"Nimempa."

Jioni ya pili ilikuwa rahisi kuliko ya kwanza, na hilo lilimtisha. Jioni moja Davor akashusha sauti, akijua fika kwamba anasikika.

"Mzee, usimwambie Mama Olive. Nikishuka namwomba tuoane, tukae wote nyumba moja. Unasemaje?"

Olive akahema. Narelle akafumba mdomo kwa kiganja, machozi yanamtiririka.

Davor alishuka na mfupa mkubwa wa ng'ombe, akapiga mluzi getini. Akatoka Olive peke yake. Narelle alisimama mlangoni na ule mkanda mkononi, akamweleza yote, hata simu.

Davor akakaa kwenye ngazi.

"Alikuwa mzee. Joto lingeweza kumuua hata mikononi mwangu," alisema. "Kwa hilo sikulaumu."

"Nilitaka ulale, Davor."

"Nililala. Nililala vizuri kabisa. Nilimuuliza kama tuoane, nikamsikia akiitikia, kumbe ni Olive, na wewe umekaa hapo umeshika simu unajua."

"Niliogopa."

"Najua. Sasa siku ukiniambia umekula, nitajuaje?"

Aliuchukua mkanda, akamwachia Olive mfupa.

Ufukweni watu waliuliza, "Baba Banjo vipi?" Narelle akajibu yuko machimboni. Mtu asiye na mbwa hana la kufanya pale, na Davor hakukanyaga. Narelle alijuta kila alipotandika taulo mchangani. Hakujutia kibwawa kama alivyojutia zile jioni.

Joto liliporudi tena, simu ililia akiwa pale pale, miguu majini.

"Umekula?"

"Sijala," alisema, na ilikuwa kweli.

Davor akasema, "Nahamia huku machimboni moja kwa moja. Nilitaka ulisikie kwangu."

"Asante kwa kuniambia."

"Nipe Olive."

Kidole cha Narelle kilikuwa kimeshafika kwenye spika. Akakiondoa. Akaibana simu kwenye sikio la Olive, akageuza uso upande wa maji, asisikie ila mnong'ono. Olive alitikisa mkia, akakoroma, akatikisa tena. Narelle alipoichukua simu, Davor alikuwa amekata.

"Kasemaje?" alimuuliza.

Olive akamlamba chumvi mkononi. Kando yao watu walianza kushika kofia zao, maana upepo ulikuwa umeingia, saa yake ile ile.