Mwanamke wa Mstari Mweupe

Huku kwetu Kentucky, mwezi wa Novemba, saa kumi na moja jioni jua limeshazama nyuma ya milima. Jumanne ile nilikuwa nampelekea mume wangu chakula: maharage na mkate wa mahindi, bado vya moto. Binti yetu Junie, wa miezi tisa, nilishamfunga kwenye kiti chake cha nyuma.

Royce anaendesha lori la kuvuta magari yaliyoharibika. Kazi yake yote ni pembeni ya barabara kuu, magari yakimpita mgongoni kwa kasi. Ndiyo maana ipo sheria: ukiona taa za njano zinawaka na kuzima pembeni, hamia njia iliyo mbali nazo. Usipoweza, punguza mwendo. Sisi wake wa madereva hatukumbushwi. Tumeshawasindikiza wenzao makaburini, malori hamsini yamewasha taa za njano mchana kweupe.

Kabla sijawasha gari, wifi yangu Darlene akapiga simu.

"Wifi, umelala?"

"Kuna nini?"

"Kaka yangu nimempita sasa hivi mteremko wa Pine Gap. Yuko na yule mwanamke tena. Wa koti la kijani. Amemganda kama anampangusa jasho."

"Labda ni mwenye gari bovu."

"Gari bovu siku tatu mfululizo? Haya, wewe endelea kuoka mikate."

Akacheka. Akakata.

Mimi si mtu wa kugombana. Hata kanisani naketi kiti cha nyuma. Lakini jioni ile niliondoka hata mlango wa nyumba sikuufunga.

Taa za njano niliziona kutoka mbali. Zinawaka. Zinazima. Nilikuwa njia ya kulia, iliyo karibu naye. Ya kushoto ilikuwa tupu. Nilijua la kufanya, ila mikono yangu haikugeuza usukani.

Nilitaka kumwona.

Royce alikuwa ameinama nyuma ya lori, anafunga mnyororo kwenye gari dogo. Na yeye... alikuwepo. Koti la kijani. Nywele ndefu, zimelowa, na mvua haikuwa imenyesha. Alisimama juu ya mstari mweupe wenyewe wa ukingo wa barabara, mahali ambapo hakuna anayethubutu kusimama, na mkono wake ulikuwa kwenye shingo ya mume wangu. Shingo ile ninayoikanda mimi kila akirudi.

Royce hakugeuka. Hakushtuka. Kama aliyezoea.

Ndani ya gari pakanuka waridi... na mpira unaoungua.

Mwanamke akainua kidole. Akaniita. Sogea...

Nikasogea.

Grrrrr! Matairi yakauvuka mstari mweupe. Junie akapiga yowe ambalo sijawahi kumsikia akilipiga. Nikavuta usukani kushoto kwa nguvu zote.

Pah!

Kioo cha pembeni kilikuwa kimepiga kitu. Nikasimama mbele kidogo. Nyuma yangu nikasikia viatu vizito vikikimbia. Royce! Mzima. Mkono wa koti lake ulikuwa umechanika hadi kiwikoni.

"Ni wewe, mke wangu? Barabara yote tupu, unanifuata mimi?"

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Usinifanye mjinga, Royce. Wa koti la kijani."

Nikageuka kutazama. Palikuwa na lori, gari bovu, na mzee mwenye gari hilo, ameketi ndani ya lori anatetemeka. Basi.

Royce akashika mlango wangu kwa mikono miwili. Akanong'ona, "Lacey alisema hivyohivyo."

Lacey ni mjane wa Vernon, dereva mwenzake aliyefia mteremko uleule mwaka jana. Aliyemgonga ni Lacey mwenyewe. Polisi waliandika kwamba hakuhamia njia ya pili. Yeye alisema alimwona mwanamke; sisi tulisema majonzi yamemvuruga akili.

"Wanaopita ndio humwona," Royce akasema. "Sisi tulio chini hatumwoni. Tunasikia ubaridi tu, hapa shingoni."

"Basi omba barabara nyingine. Kesho hiyohiyo. Niahidi."

Akaniahidi. Nikampa chakula, hakukifungua. Alisimama pale, akiutazama mstari mweupe. Halafu akauliza taratibu, kwa sauti ambayo zamani aliniwekea mimi tu:

"Uso wake uliuona?"

"Sikuuona."

Nilimdanganya.

"Ni mzuri?"

Nikapandisha kioo, nikawasha gari.

Leo ni Ijumaa. Siku mbili amefanya kazi upande wa mjini, kama alivyoahidi. Mchana huu amepiga simu ofisini mwenyewe, akaomba arudishwe Pine Gap. "Kule watu wamepungua," ameniambia bila kunitazama.

Sasa hivi yuko bafuni, mlango ameufunga. Mtu anayekwenda kulala matopeni, chini ya magari ya watu.

Ananyoa ndevu.